Hela ya mzee imekata ghafla: namna ya kufuatilia pensheni, TASAF na asilimia 2 ya wenye ulemavu ukiwa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Hii naandika kwa ajili ya wale ambao mama yuko Kongwa au babu yuko Bahi, hela imekata, na kila ukipiga simu nyumbani swali ni moja tu, "umefikia wapi mwanangu". Sisi wa Dodoma tuna bahati na balaa kwa pamoja. Bahati ni kwamba ofisi nyingi zinazohusika ziko hapahapa mjini au Mtumba kwenye mji wa serikali, mtu wa Kigoma anatuonea wivu. Balaa ni kwamba kwa sababu ziko karibu ni rahisi sana kurushwa kama mpira, huyu anakwambia nenda Mtumba, wa Mtumba anakwambia rudi halmashauri, jua linazama na nauli imeisha.

Kwa hiyo kabla hujapanda daladala jua kwanza NANI analipa. Wazee wetu wanaita kila kitu "hela ya serikali" na hapo ndo kazi inapoharibika. Kuna jamaa alimpeleka baba yake ofisi za PSSSF, wamekaa foleni asubuhi yote, kumbe mzee alikuwa mwanajeshi na pensheni yake inatoka Hazina, PSSSF hawana hata faili lake. Njia rahisi ni kwenda benki kuchukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu minne ya mwisho kabla hela haijakata, angalia aliyekuwa anaingiza ni nani. PSSSF ni ya watumishi wa umma, ilianza kazi tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwa hiyo mzee akikwambia "mimi ni wa LAPF" mpeleke PSSSF. NSSF ni sekta binafsi na waliojiajiri. WCF ni fidia ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. TASAF sio pensheni kabisa, ni ruzuku ya kaya maskini. Na ile asilimia 2 ya wenye ulemavu ni mkopo wa halmashauri, tena unarudishwa, ingawa kuna watu wanausema kama sadaka.

Na hapohapo niseme, kila mwaka kuna meseji inazunguka kwamba wazee wote wataanza kulipwa. Hiyo ipo Zanzibar, walianza Aprili 2016 kwa miaka 70 kwenda juu, shilingi 20,000 kwa mwezi na baadae ikapanda hadi 50,000. Huku bara hatuna pensheni ya wazee wote, kwa hiyo mtu akija mlangoni kwa bibi anaandikisha majina kwa "elfu tano ya fomu" huyo ni tapeli, mwite mwenyekiti wa mtaa.

Tuje kwa pensheni iliyokata. Nikiambiwa pensheni ya PSSSF imekata, swali langu la kwanza ni uhakiki. Mfuko lazima ujue mstaafu yuko hai, la sivyo hela itaendelea kuingia kwa marehemu na ndugu wanachota kimya kimya, na hii inatokea tusidanganyane. Siku hizi uhakiki unafanyika kwenye simu janja kwa apu ya PSSSF Kiganjani, hamna haja ya kumsafirisha mzee kutoka Mpwapwa. Ila apu haijui maisha ya mzee wetu. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka yote vimesugulika, mistari imeisha, mashine inakataa inakataa mpaka mzee anaanza kujiona kama mwizi. Tumia uso. Mtoe nje kwenye mwanga, sio chini ya mwembe maana kivuli cha majani kinachora madoa usoni, sio na jua nyuma yake, avue kofia na miwani, wewe ndo ushike simu usawa wa macho yake maana mwenyewe ataishika kifuani na kamera itaona kidevu. Ikigoma kabisa au mzee ana mtoto wa jicho, nenda ofisi ya mfuko na kitambulisho cha NIDA na cha pensheni ueleze hali yake, waseme atahakikiwaje. Uhakiki ukikamilika uliza malimbikizo ya miezi iliyoruka, usikae ukisubiri yaje yenyewe.

Kama mzee amefariki toeni taarifa mapema na cheti cha kifo. Mkiendelea kuchota ile hela itadaiwa, na itaanza kudaiwa wakati mnafuatilia haki ya wategemezi, sasa hapo mtajieleza vipi.

Kingine ni hesabu. Wastaafu wengi wapya wanalia "nimepunjwa" bila kujua kanuni. Kanuni iliyoanza Julai 2022 ni hivi: unachukua miezi uliyochangia, unagawa kwa 580, unazidisha na wastani wa mshahara wa mwaka (miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho), hapo unapata pensheni kamili ya mwaka. Mkupuo, yaani ile hela ya mara moja unayopewa ukistaafu, ulikuwa asilimia 33 ya hiyo mara 12.5, alafu bajeti ya 2024/25 ikapandisha, kundi ambalo zamani lilikuwa linapata asilimia 50 likaenda 40, na lililokuwa linapata 25 likaenda 35. Chukua mwalimu wa kundi la asilimia 40 aliyechangia miezi 360 na wastani wa milioni 12 kwa mwaka. 360 gawa kwa 580 mara milioni 12 ni kama 7,448,000. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni kama milioni 37.2, huo ndo mkupuo, na asilimia 60 iliyobaki ukigawa kwa 12 ni kama 372,000 kwa mwezi. Piga ya kwako na kalkuleta ya simu. Ikitofautiana kidogo achana nayo, ikitofautiana sana basi mara nyingi tatizo sio kanuni, ni MIEZI. Kuna miezi mwajiri alikata mshahara na hakupeleka, au ulihama halmashauri na michango ikabaki juu juu. Hapo ndo utashukuru kama hukutupa salari slipu za zamani, na kama uko kazini bado anza leo kuangalia michango yako, usisubiri miaka 60. Na ukiwa umechangia chini ya miezi 180 hupati pensheni ya kila mwezi, unapewa malipo ya mara moja, ndo maana miezi sita iliyopotea inaweza kukubadilishia maisha.

Walioumia kazini nitapita haraka. WCF inachangiwa na mwajiri, wewe hukatwi kitu, na wanaangalia kiwango cha ulemavu kilichopimwa na madaktari, usiozidi asilimia 30 unalipwa mara moja, ukizidi hapo unalipwa kila mwezi. Ugomvi mwingi ni hiyo asilimia, kwa hiyo omba nakala ya ripoti ya tathmini kabla hujaanza kulalamika.

TASAF sasa. Huku vijijini ndo kuna maneno mengi. Malipo yamekuwa yakija kwa madirisha, yaani awamu za malipo, kila baada ya miezi miwili, na kaya ikitolewa mara nyingi sababu inakuwa mojawapo ya hizi: imehitimu (wameona sasa inajimudu), mlengwa hakuonekana, au taarifa zake hazisomani na NIDA au namba ya simu. Usianze Mtumba! Anza na kamati ya TASAF ya kijiji au mtaa, omba wakuoneshe orodha jina liko au halipo na sababu yake ni ipi, alafu peleka hoja mkutano mkuu wa kijiji. Watu wanaudharau huu mkutano, mimi nauona ndo usimamizi wenye meno kuliko wote, maana pale kila mtu anajua nani ana ng'ombe na nani anakula mlenda mkavu, na afisa wa wilaya akiona muhtasari wenye saini za wanakijiji hana pa kutokea. Kutoka hapo ni kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na juu kabisa TASAF iko chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi na Utawala Bora. Kama kaya ina mtu mwenye ulemavu hakikisha ulemavu huo umeandikwa kwenye taarifa za kaya, maana unahesabika kwenye ruzuku, na kaya isiyo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi haitakiwi kulazimishwa kwenye zile ajira za muda za kuchimba malambo. Nimeona bibi asiyeona kaandikiwa siku za kazi. Hiyo unaikataa palepale kwa mtendaji.

Asilimia 2. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya madudu, vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa swali la kuuliza sio "mbona hamtupi mkopo", hilo watakujibu kwa tabasamu. Uliza mwaka jana halmashauri ilikusanya mapato ya ndani kiasi gani, asilimia 2 ni kiasi gani, na kimetoka kiasi gani kwa vikundi vipi. Jiji la Dodoma sio sawa na Bahi, mmoja ana mji mkuu mzima wa kukusanya, mwingine anategemea ushuru wa mazao na minada, kwa hiyo usilinganishe shilingi, linganisha asilimia. Kikao cha baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza, nendeni. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inazitambua kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji, kata mpaka wilaya, uliza ya kwenu ina mwenyekiti nani na ilikaa lini, ukiona wanaangaliana ujue haijawahi kukaa.

Haya, umepita ngazi ya chini na bado kimya. Hapa wengi wanakosea kwa kwenda kulalamika kwa mdomo. Mkaguzi hakagui maneno, anakagua faili, na kama huna karatasi kwenye faili wewe hujawahi kulalamika. Andika barua fupi, mfano hivi:

YAH: KUSITISHWA KWA PENSHENI YANGU
Mimi ni mstaafu wa mfuko wenu, namba ya pensheni (andika). Malipo ya mwisho niliyapokea tarehe (andika) kwenye akaunti namba (andika). Naomba kujulishwa kwa maandishi: sababu ya kusitishwa, ninachotakiwa kukileta, na lini nitalipwa malimbikizo. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na taarifa ya benki.

Basi, usiweke historia ya ukoo. Chapa nakala mbili, peleka masijala, moja ibaki, nyingine ipigwe muhuri wa KUPOKELEWA wenye tarehe na urudi nayo. Akikwambia "iache tu hapo mezani" kaa, tabasamu, subiri muhuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 kujibu ombi la taarifa, na siku hizo zinahesabiwa kuanzia kwenye huo muhuri.

Siku 30 zikipita chukua nakala yenye muhuri uende juu. Kwa mifuko ya pensheni msimamizi zamani alikuwa SSRA, haipo tena, kazi zake zilihamia Ofisi ya Waziri Mkuu upande wa kazi, wako Mtumba, uwekezaji wa mifuko unaangaliwa na Benki Kuu. Kama ni uonevu au kucheleweshwa bila sababu kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, makao makuu yao hapahapa Dodoma, kupeleka lalamiko ni bure. Ukiombwa "ya soda" ili faili litembee ni TAKUKURU, 113, simu bure. Ukiwa mbali na mji kuna e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, unaingia kwa *152*00# hata kwa kitochi.

Alafu kuna CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti yake anamkabidhi Rais mwisho wa Machi na inaingia Bungeni Aprili, ikishawasilishwa inawekwa wazi kwenye tovuti ya ofisi yake. CAG hatamlipa bibi yako, lakini tafuta jina la halmashauri yenu mle ndani, ukikuta hoja kuhusu asilimia 10 au michango isiyopelekwa, piga picha ukurasa huo na uuambatishe kwenye barua ya pili. Nakala mpe mbunge, maana kamati ya Bunge ya PAC inahoji serikali kuu na mashirika yake na LAAC inahoji halmashauri, na wakurugenzi wanaitwa hapahapa Dodoma kujieleza. Afisa akiona hoja ya CAG na muhuri wa masijala yake mwenyewe kwenye bahasha moja, sauti inabadilika, ghafla wewe ni "karibu ukae".

La mwisho ni la wanaofuatilia kwa niaba. Usitembee na kadi ya benki ya mzee na namba ya siri kwenye karatasi, na akipigiwa simu na "afisa wa mfuko" anayetaka atumiwe hela au asomewe namba iliyoingia kwa meseji, akate. Tengeneza barua ya mzee mwenyewe kwamba amekutuma wewe, aweke saini au dole gumba mbele ya mtendaji, mtendaji agonge muhuri, bandika picha zenu wote wawili. Ofisi nyingi zitakusikiliza kwa hiyo, ila kwenye kubadilisha akaunti ya malipo watamtaka mwenyewe, na hapo wako sahihi.