Bomba la Gesi Likielekezwa Shambani Kwako: Namna ya Kusema Mbele ya Tume

Nilikuwa mpima ardhi hapa Marekani, na tangu nistaafu majirani huniletea barua zao tuzisome pamoja. Barua yenyewe haina vitisho. Kampuni inasema inakusudia kupitisha bomba la gesi, inaomba wapimaji wake waingie shambani, na inaambatisha ramani yenye mstari unaokatiza malishoni. Mtu akiimaliza hutaka kuchora bango. Mimi humwomba atafute kwanza namba ya jalada, yaani faili la mradi huo kwenye tume.

Bomba linalovuka mpaka wa jimbo huidhinishwa na Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati, FERC, chini ya Sheria ya Gesi Asilia ya 1938. La ndani ya jimbo moja lina mamlaka yake ya jimbo na taratibu zake, sitaligusa hapa. Jalada la FERC huanza na herufi PF mradi ukiwa kwenye maandalizi, kisha CP kampuni ikishaomba cheti rasmi, yaani idhini ya kujenga. Jiandikishe kwenye tovuti ya tume upate taarifa za jalada kwa barua pepe, ni bure. CP ikitoka, jiandikishe upya, la sivyo utabaki ukisubiri habari za jalada lililokwisha kulala.

Kuhusu wapimaji: sheria ya kuingia kwenye ardhi ya mtu hutofautiana. Virginia, kwa mfano, kampuni ya gesi inaweza kuingia kupima hata bila idhini yako, mradi ifuate masharti ya taarifa ya maandishi. Kwingine una haki ya kukataa. Wakiingia, tembea nao. Piga picha kila kigingi wanachochomeka na uandike namba yake. Sisi wapimaji ni watu wazuri, lakini tunaona zaidi tukijua tunaangaliwa.

Sasa jambo moja ambalo nalirudia mpaka watu wananichoka. Kutoa maoni hakukufanyi uwe mhusika wa shauri. Unaweza kuandika barua ishirini na kusema kwenye kila kikao, na bado, cheti kikitolewa, huna mlango wa kwenda mahakamani. Ombi la kuwa mhusika huwasilishwa peke yake, ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la tume baada ya kampuni kuomba cheti, na muda huo mara nyingi ni wiki chache tu. Ukurasa mmoja unatosha: wewe ni nani, bomba linakugusa vipi, unapinga au unaunga mkono. Wakili si lazima. Kuanzia hapo kila hati unayowasilisha uitume pia kwa wahusika wengine wote, kampuni ikiwamo.

Kikao chenyewe huwashangaza wengi. Walizoea ukumbi, kipaza sauti, makofi. Vikao vingi vya FERC vya kukusanya maoni ya mazingira siku hizi huendeshwa hivi: unachukua namba, unaitwa, unaketi mbele ya mfanyakazi wa tume na mwandishi wa kumbukumbu, unasema dakika chache, unatoka. Makamishna wenyewe, ambao wakitimia ni watano, hawamo. Kwa hiyo anayesikiliza hasa ni karatasi. Sema polepole, taja jina lako herufi kwa herufi, na usiseme "hapa" wala "pale kwenye kilima", kwa kuwa atakayesoma mwakani hana kidole chako cha kumwonyesha.

Tumia vipimo vya kampuni yenyewe. Ramani zao zina alama za maili kufuata njia ya bomba. Ukisema "bomba litaharibu maji yetu", maandishi ya tume yatakujibu kwa sentensi moja ya jumla. Ukisema "kati ya maili 47.2 na 47.4 kuna chemchemi ambayo haimo kwenye ramani ya mwombaji, ni chanzo cha maji cha nyumba yangu, picha za Aprili na Agosti zimeambatishwa pamoja na namba za GPS za mahali ilipo", wachambuzi wanalazimika kuitafuta. Kama eneo ni la miamba ya chokaa yenye mapango na mashimo ya kudidimia, onyesha kila shimo unalolijua. Wazee wa kijiji wanajua mashimo ambayo hayamo kwenye ramani yoyote. Nenda ukawaulize kabla hawajasahau.

Usalama nao usemwe kwa hesabu. Kanuni za shirikisho zina fomula ya eneo la hatari: kipenyo cha bomba kwa inchi, zidisha kwa mzizi wa pili wa shinikizo kwa pauni kwa inchi ya mraba, kisha kwa 0.69; jibu ni futi. Bomba la inchi 42 lenye shinikizo la 1,480 linakupa karibu futi 1,115, yaani mita 340 kila upande. Chora duara hilo kwenye ramani, uhesabu nyumba na shule zilizomo. Bomba lililolipuka San Bruno, California, Septemba 2010 na kuua watu 8 lilikuwa la inchi 30.

Uliza pia gesi ni ya nani. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Washington ilifuta cheti cha bomba la Spire karibu na St. Louis kwa sababu tume iliegemea mkataba mmoja tu wa kusafirisha gesi, tena wa kampuni dada, kama ushahidi kwamba bomba linahitajika. Mikataba imo kwenye jalada, isome.

Mlango mwingine uko kwenye jimbo. Chini ya Sheria ya Maji Safi jimbo linaweza kukataa cheti cha ubora wa maji. Kampuni ya bomba la PennEast ilishinda Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2021, kura 5 kwa 4, na Septemba hiyohiyo ikaachana na mradi kwa kukosa kibali cha maji cha New Jersey. Basi nakala ya picha zako za chemchemi ipeleke na huko. Lakini sitakudanganya: bomba la Mountain Valley, maili 303, lilishindwa mahakamani mara kadhaa, kisha Bunge la Congress likaamuru mwaka 2023 vibali vyake vitolewe, na gesi ikaanza kupita 2024.

Cheti kikitoka, kampuni inapata nguvu ya kutwaa mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia bomba, kwa fidia, na wewe una siku 30 za kuomba tume isikilize shauri upya. Hoja usiyoiweka kwenye ombi hilo huwezi kuibua mahakamani, kwa hiyo weka zote, hata ile unayoiona ndogo. Ombi likipita saa kumi na moja jioni kwa saa za Washington huhesabiwa la siku ya kazi inayofuata. Litume asubuhi.