Namna ya kusoma habari za Wagiriki na Waajemi wa kale bila kumezwa na upande mmoja

Ukitaka kuwajua Wagiriki na Waajemi wa zamani, shida ya kwanza ni kwamba karibu kila stori uliyowahi kusikia imetoka kwa Mgiriki. Waajemi walikuwa na dola kubwa kuliko zote za wakati wao, kuanzia bonde la Indus mpaka Misri na pwani ya Uturuki ya leo, ila hawakutuachia kitabu cha historia, walichoacha ni maandishi kwenye miamba na vibao vya udongo. Yaani ni kesi ya ndugu wawili ambapo mmoja tu ndo kafika barazani, na huyo aliyefika ana mdomo mtamu balaa.

Kabla hujafungua chochote weka mambo mawili sawa. Miaka ya KK (kabla ya Kristo) inarudi nyuma, 490 inakuja kabla ya 480, ni kitu kidogo lakini watu wanajichanganya sana hapo. Alafu majina ya wafalme wa Uajemi: Cyrus ndo Koreshi wa kwenye Biblia, Darius ndo Dario, Artaxerxes ndo Artashasta, mji wao wa Susa ndo Shushani, na Xerxes wengi wanamchukulia kuwa ndo Ahasuero wa kitabu cha Esta. Ukishajua hivyo utaona kitu cha ajabu, kwa Wayahudi Koreshi ni mkombozi, aliiteka Babeli 539 KK akawaruhusu warudi kwao, wakati huku kwa Wagiriki warithi wa dola hiyohiyo wanatajwa kama watu wanaotaka kufunga pingu dunia nzima.

Sasa anza na Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia ya vita vya Wagiriki na Waajemi. Watakwambia muongo yule, usiwasikilize, ila msome ukijua katokea wapi. Alizaliwa karibu 484 KK huko Halicarnassus, mji wa Kigiriki uliokuwa chini ya Waajemi, na mtawala wa mji wake alikuwa mwanamke, Artemisia, ambaye kwenye vita ya baharini ya Salamis mwaka 480 KK, Xerxes alipoivamia Ugiriki, alileta meli 5 kupigana upande wa Xerxes. Na Herodotus anamsifia waziwazi! Kwahiyo huyu sio mpiga debe wa Athens tu kama watu wanavyodhani.

Cha kufanya ni kumpima kwa mafungu. Namba zake kubwa zisome kama "walikuwa wengi wa kutisha" basi, usizibebe kichwani, maana anasema msafara wa Xerxes ukijumlisha na watumishi ulifika watu 5,283,220, na anaeleza kabisa walivyohesabiwa: watu 10,000 walibanwa pamoja, ikachorwa duara kuwazunguka, wakatolewa, ukajengwa ukuta juu ya ule mstari, alafu wengine wakawa wanajazwa humo kwa zamu mpaka jeshi likaisha. Picha nzuri sana, ila wanahistoria wengi wa leo wanashusha jeshi mpaka laki moja au mbili hivi. Stori za chumbani nazo zifurahie tu. Anasimulia jinsi Atossa alivyomshawishi mumewe Darius kitandani aivamie Ugiriki, sasa nani alikuwa uvunguni anaandika?

Kwenye mila lakini msikilize vizuri. Anasema watoto wa kiume wa Waajemi, kuanzia miaka 5 mpaka 20, walifundishwa mambo matatu tu, kupanda farasi, kupiga upinde na kusema kweli. Chukua hiyo uende nayo Behistun, magharibi mwa Iran, kwenye mwamba ambao Darius alichonga habari zake kwa lugha tatu, Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli, na utakuta anawashtaki waasi wake mmoja baada ya mwingine kwa kosa hilohilo: alidanganya. Alafu linganisha majina ya watu saba, Darius akiwemo, waliomuua mtu aliyekalia kiti cha enzi kinyemela kabla ya Darius, Herodotus kapatia sita kati ya saba! Ila na Darius naye usimmeze mzimamzima, anaeleza alivyopata ufalme, na mtu anayeeleza hivyo ana sababu zake.

Ukitoka hapo nenda kwenye vibao vya udongo vya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, na kwangu hapa ndo penye utamu wenyewe. Viligunduliwa 1933, ni maelfu, vya miaka ya 509 hadi 493 KK, na havina mashujaa wala miungu ikigombana, ni mambo ya stoo: nani kapewa shayiri, nani mvinyo, msafiri gani ana barua ya kumruhusu kuchukua posho njiani. Wanawake waliojifungua wanapewa posho ya ziada, ila aliyezaa wa kiume anapata mara mbili ya aliyezaa wa kike. Irtashduna, mke wa Darius, ana mashamba yake na mhuri wake. Na kuna kibao kimoja kimeandikwa Kigiriki, kinasema mvinyo, maris mbili (maris ni kipimo chao), mwezi wa Tebeti, kwisha. Ofisini kwa mfalme wa Uajemi kabisa!

Sasa kitu kingine, ukisoma "Wagiriki" uliza Wagiriki wepi. Hippias, aliyewahi kuitawala Athens kwa mabavu, alikuja kwenye vita ya Marathon 490 KK akiwa na Waajemi. Watu wa Thebes, mji mwingine wa Kigiriki, walipigana upande wa Waajemi kwenye vita ya Plataea 479 KK. Themistocles aliyeshinda Salamis alifukuzwa na raia wenzake wa Athens kwa kura ya vigae (jina la wa kufukuzwa liliandikwa kwenye kigae), akaishia kupewa mji wa Magnesia na Artaxerxes, mfalme wa Uajemi. Na ile demokrasia ya Athens iliyoanza na Cleisthenes 508 KK, wanawake, watumwa na wageni hawakuwemo.

Usije ukageuka ukawa shabiki wa Uajemi tu. Utakutana na watu wanasema silinda ya Cyrus, udongo wenye maandishi yake, ni katiba ya kwanza ya haki za binadamu, sio kweli, ni tangazo la mfalme mshindi kwa mtindo wa Babeli, na mji wa Kigiriki wa Miletus ulipowaasi Waajemi waliubomoa 494 KK.

Mwisho, usiishie 479 KK, Waajemi waliposhindwa Plataea, kama vidio nyingi zinavyofanya. Endelea mpaka uone Sparta, mji mwingine wa Kigiriki, wakiishinda Athens 404 KK kwa meli zilizolipiwa na hela ya Uajemi, alafu mpaka 386 KK, Artaxerxes II anapowatumia Wagiriki masharti ya amani na wanakubali: miji ya Kigiriki ya Asia, yaani pwani ya Uturuki ya leo, ni yake. Hiyo utaisoma kwa Xenophon, mwandishi wa Kigiriki ambaye mwenyewe 401 KK alikuwa kwenye jeshi la kukodiwa la mwanamfalme wa Kiajemi.