Ulikamatwa umelewa, sasa unaomba kibali cha siri za serikali

Mimi polisi walinikuta nimelewa kwenye usukani, miaka tisa kabla ya kujaza SF-86, fomu ya kuombea kibali hicho. Mwenzangu kazini akanishauri: "Hayo yameshaoza, ruka." Nusura niruke.

Huku Marekani fomu hiyo inakuuliza pombe mara mbili. Sehemu ya 24 inataka madhara ya miaka 7 iliyopita: kazini, nyumbani, mfukoni, kwa polisi. Sehemu ya 22 haina huruma hiyo. Inauliza kama umewahi kushtakiwa kwa kosa la pombe au dawa za kulevya. Umewahi, basi: hakuna kikomo cha miaka. Watu wanahesabu miaka kwenye 24, wanashusha pumzi, kumbe 22 ilishawanasa. Na ukificha, kati ya miongozo ambayo waamuzi wa vibali wanakupimia, juu ya Mwongozo G wa pombe unajiongezea Mwongozo E, unaopima ukweli wako. Huo ndio uliowatoa wengi ninaowajua, wala si bia.

Kwa hiyo kabla hujagusa fomu, kachukue hukumu mahakamani, risiti ya faini na cheti cha darasa ulilolazimishwa kuhudhuria. Tarehe uziandike kutoka kwenye karatasi, usiziamini kumbukumbu zako. (Yangu ilikosea mwaka mzima.)

Mpelelezi atauliza unakunywaje sasa. "Kidogo tu" si jibu. Nilimwambia: bia mbili Jumamosi, na funguo za gari anashika mke wangu. Usijitie mtakatifu kwa kusema umeacha kama hujaacha, maana majirani nao watahojiwa. Ila kama daktari alikukuta na ugonjwa wa ulevi akakuambia uache, hata hizo mbili ni kosa: Mwongozo G unahesabu kukaidi ushauri wa matibabu. Anza kuacha leo, na utunze karatasi za kliniki. Muda uliopita, kukiri na matibabu uliyoyamaliza vyote vinakupa uzito.

Ukiletewa barua ya sababu za kukunyima, nawe umeajiriwa na mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi, una siku 20 za kujibu. Jibu kila hoja kwa kiapo: nakubali, au nakana, na maelezo yake. Ukitaka kusikilizwa na hakimu, omba humo humo kwenye majibu. Usipoomba, wataamua kwa karatasi tu.