Siku ya kuzaliwa ukiwa kazini hospitali ya Nanjing, China

Anza na ratiba ya zamu. Wodini kwetu, wodi ya upasuaji, zamu hupangwa wiki kwa wiki, na ikishabandikwa, kuibadilisha ni kumtwika mwenzako usiku ambao hakuutarajia. Mwendee mapema anayeipanga. Kwa wauguzi ni muuguzi mkuu wa wodi. Mweleze tarehe, kisha omba jambo moja tu: usiwekwe zamu ya usiku siku hiyo. Mapumziko ya kutwa nzima usiyaombe. Ukiona haya na kunyamaza, siku itapita na hakuna atakayejua, na upweke wa namna hiyo ugenini haufai kuuchukulia wepesi.

Pita pia chama cha wafanyakazi cha hospitali. Kanuni za vyama vya wafanyakazi China zinaruhusu mwanachama kupewa keki au vocha ya keki siku yake ya kuzaliwa. Sisi wageni wa mkataba si lazima tuwe wanachama, ila kuuliza ni bure.

Sasa nyumbani. Nanjing iko mbele ya Zanzibar kwa saa tano, na hapo ndipo penye raha: saa sita ya usiku huku ni saa moja usiku Unguja, magharibi imeshasaliwa na watu wote wako ndani. Wao ndio watakaokupongeza kwanza. Lakini WhatsApp haifanyi kazi China kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mfungulie mama akaunti ya WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, kabla hujasafiri. Mara nyingi akaunti mpya hudai kuthibitishwa na mtu aliyeitumia WeChat muda mrefu, na mtu huyo humpati usiku wa manane.

Asubuhi kula tambi. Wachina siku ya kuzaliwa hula tambi ndefu, ishara ya umri mrefu, wala hawazikati. Unazivuta mdomoni mpaka ziishe. Kwa Muislamu ni jambo jepesi kuliko linavyoonekana. Tafuta mgahawa wa tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, wenye kibao cha halali. Wengi wa wenye migahawa hiyo ni Waislamu kutoka mkoa wa Qinghai, na tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako, kwenye supu ya ng'ombe. Mwambie mpishi ni siku yako, azivute ndefu. Mimi huongeza yai.

Keki iwe ya saa sita mchana, watu wakitoka kula na kabla hawajalala, maana usingizi wa mchana hapa unaheshimiwa mno. Usiilete kwenye makabidhiano ya zamu ya saa mbili asubuhi, wakati kila mtu amesimama akisikiliza habari za wagonjwa. Agiza keki ya sponji yenye krimu na matunda. Keki laini za musi, yaani za krimu iliyopigwa ikaumuka, nyingi hugandishwa kwa jelatini, ambayo huenda ni ya nguruwe, kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi. Ndani ya boksi utakuta sahani, uma, mishumaa na taji la karatasi. Taji livae, wenzako watalisubiri. Mishumaa iache ndani ya boksi: wodini kuna oksijeni, na moto haukaribishwi hata chumba cha mapumziko.

Kwenye kundi la wodi utatumiwa bahasha nyekundu za WeChat, yaani zawadi za pesa za simuni, ambazo kwa kawaida hazizidi yuani 200 kila moja. Pokea, shukuru, na andika tarehe ya kuzaliwa ya kila aliyekutumia ili naye umtumie yake ikifika. Bahasha ya mgonjwa au jamaa yake ni habari nyingine kabisa. Kanuni tisa za uadilifu zilizotolewa mwaka 2021 zinawakataza wahudumu wa afya kuipokea. Irudishe pale pale, kwa mikono miwili na maneno mazuri, maana mgonjwa ana moyo mwema na hastahili kuaibishwa.

Wachina huupa kila mwaka jina la mnyama, na kila mnyama hurudi baada ya miaka kumi na miwili. Kama mwaka wa mnyama uliozaliwa nao umerudi, tarajia vitu vyekundu. Mimi ni wa 1990, mwaka wa Farasi, na mwaka wa Farasi umeanza tena tarehe 17 Februari 2026. Kwa imani yao mwaka wa namna hiyo una misukosuko, na rangi nyekundu hukinga. Imani hiyo mimi sina, lakini soksi nyekundu nilizopewa na wauguzi nazivaa, kwa sababu walinifikiria.

Jioni pika pilau. Soma kwanza kanuni za bweni kuhusu vyombo vya umeme. Jiko la wali likiruhusiwa, linatosha. Nyama ya halali utaipata mitaa ya karibu na Msikiti wa Jingjue, shuka kituo cha metro cha Sanshanjie. Bizari ya pilau, mdalasini na iliki viko sokoni kwenye vibanda vya viungo. Karafuu hata duka la dawa za asili wanazo, maana Wachina huzitumia kama dawa. Nunua chache, ni kali. Pika nyingi kuliko mnavyoweza kula, ujaze vyombo, uandike majina, uviweke kwenye friji ya wafanyakazi kabla zamu ya usiku haijaingia, maana wao keki hawakuikuta.