Kahawa ya sufuria isiyojaa masimbi

Wengi wetu tusio na chujio humimina unga wa kahawa kwenye maji yanayotokota, tukauacha uchemke mpaka ufurike jikoni, kisha tukalalamika kwamba kahawa ya Kilimanjaro au ya Kagera ni chungu kupita kiasi, ilhali kosa ni letu. Chemsha maji, epua sufuria, subiri nusu dakika hivi, ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya unga kwa kila kikombe kidogo, ukoroge mara moja na kufunika kwa dakika 4. Ukifunua utaona povu la hudhurungi limetanda juu. Linyunyizie kijiko kimoja cha maji baridi, na masimbi yataanza kuzama taratibu, nawe utamimina bila kutikisa. Tangawizi, kwa wanaoipenda, ichemshwe pamoja na maji tangu mwanzo. Ikiwa umefungua kinywa kwa mahamri na mbaazi, afadhali kahawa isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza sehemu ya madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi hizo.