Unataka seti ya jukwaa ikumbukwe? Anza kwa kupunguza vitu

Watu wengi wakipewa kazi ya kubuni seti ya tamthilia kubwa swali la kwanza ni bajeti shilingi ngapi, halafu hapohapo wanaanza kujaza, kochi, dirisha, ngazi, saa ya ukutani, maua ya plastiki, siku ya shoo jukwaa linaonekana kama duka la fenicha na mtazamaji akifika nyumbani hakumbuki hata kitu kimoja. Mimi naona seti inayobaki kichwani ni ile yenye kitu kimoja kinachobadilika mbele ya macho ya watu, na vingine vyote vinakipisha.

Chukua The Lion King, ile ya jukwaani iliyoingia Broadway, kwenye majumba makubwa ya tamthilia ya New York, mwaka 1997, dairekta Julie Taymor na seti kabuni Richard Hudson. Sisi wa Kiswahili tunashikaga zaidi majina, kina Simba na Rafiki, ila kama unajifunza seti we angalia ukame unavyoingia. Hakuna maji ya kweli wala udongo uliopasuka. Kuna duara la kitambaa cha hariri sakafuni, hilo ndo bwawa lenyewe, halafu kinavutwa taratibu kupitia tundu la sakafuni, bwawa linapungua, linapungua, mpaka limekwisha. Basi. Mtoto wa miaka mitano ameelewa kwamba njaa imeingia na hakuna aliyesema neno. Na nyika je? Waigizaji wamebeba nyasi vichwani, wakitembea nyika nayo inatembea.

Kwa hiyo script ukiipata usiisome ukitafuta vyumba na samani, isome ukitafuta pale mambo yanapogeuka. Nani anapoteza nini, saa ngapi? Weka alama hapo kwa kalamu nyekundu, ndo hapo hela yako iende.

Les Misérables ya London, 1985, tamthilia ya muziki yenye uasi wa mitaani Paris, ni darasa zima. Mbunifu wa seti John Napier aliweka jukwaa linalozunguka, na kizuizi cha mtaani cha wanamapinduzi kilichosukwa kwa mabaki ya viti, mbao na takataka za kila aina, kinaingia vipande viwili kutoka pande mbili kisha vinaungana. Sasa wakati wa vita wewe mtazamaji uko upande wa waasi, unawaona wanavyoanguka. Kimya kinaingia, jukwaa linageuka polepole, na upande wa pili unamkuta Enjolras, kiongozi wa waasi, kafa, kaning'inia kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Hapo mtambo umefanya kazi ya mwandishi. Mashine ambayo inazunguka kwa sababu tu mna uwezo wa kuizungusha, aisee, watu wanaizoea ndani ya dakika kumi.

Na sio lazima iwe mashine. War Horse ya National Theatre ya London (2007), tamthilia ya farasi aliyepelekwa vitani, jukwaa lilikuwa karibu tupu, mbunifu Rae Smith akaning'iniza juu kipande kirefu cheupe mfano wa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, michoro inapigwa hapo kwa projekta, na farasi, ambao ni vikaragosi vikubwa vinavyoendeshwa na watu, wakapata nafasi ya kukimbia.

Ukishapata wazo lako tengeneza modeli ya kadibodi. Skeli inayotumika sana ni 1:25, maana yake mtu wa kawaida anakuwa na urefu wa sentimita 7 hivi, kata mtu wa karatasi msimamishe mle ndani. Halafu inama, weka jicho pale alipokaa mtu wa kiti cha pembeni kabisa, kisha panda juu uangalie kama uko balkoni. Wabunifu wengi wanasahau sakafu!! Aliyekaa balkoni sakafu ndo ukuta wake, anaitazama masaa mawili, sasa ukiiacha na mikwaruzo na gundi ya shoo iliyopita ni juu yako.

Kuta usijenge kwa plaiwudi kila mahali, nzito na kuzihamisha ni vita. Fremu ya mbao nyepesi, wamba kitambaa cha marekani, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kikikauka kinakaza vizuri kisha ndo rangi. Dawa ya kuzuia moto usiiruke, hilo halina mjadala, taa za jukwaani zinachoma.

Tukizungumzia taa, rangi usiichague dukani kwa mwanga wa jua. Chukua vipande vilivyopakwa mpelekee mtu wa taa aviwashie rangi zake, manake nyekundu yako nzuri ikipigwa taa ya bluu inageuka karibu nyeusi, na hapo mmeshapaka ukuta mzima.

Mwisho kabadilisheni seti. Kabla ya mazoezi ya mwisho tenga muda wa kubadilisha seti tu, bila dialogi, waigizaji wakae pembeni, wale vijana wa nyuma ya jukwaa wasukume na kuvuta gizani mpaka wajue nani anatangulia na nani anapita wapi. Popote wanapogongana, ondoa kitu kimoja kwenye seti kabla hujaongeza mtu wa kusukuma.