Konti yako imefungwa: tayarisha haya kabla ya kukata rufaa

Kwanza soma vizuri kilichoandikwa kwenye skrini. Mtu anaweza kushindwa kuingia Facebook hasa kwa sababu tatu, na hazitatuliwi kwa njia moja. Ukiambiwa neno la siri si sahihi, huenda umelisahau tu. Ikiwa imeili na namba vimebadilishwa, na marafiki wanapokea ujumbe wa kuombwa pesa kwa jina lako, basi umeibiwa, anzia facebook.com/hacked. Lakini ukiona maandishi kwamba konti imesimamishwa kwa kuvunja kanuni, hapo Meta wenyewe, kampuni yenye Facebook, ndio wamefunga, na ndiyo hali ninayoizungumzia hapa. Piga picha ya skrini hiyo kabla haijatoweka. Inaonyesha tarehe, kanuni wanayodai umeivunja, na siku zilizobaki.

Unazo siku 180 za kukata rufaa, karibu miezi sita. Zikipita, hawaangalii tena. Watu wengi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wanafanya kinyume cha inavyofaa: dakika ya kwanza, hasira ikiwa bado moto, wanabonyeza kila kitufe na kutuma picha ya kadi isiyosomeka. Uamuzi unaofuata ukaguzi mara nyingi ndio wa mwisho, kwa hiyo ni afadhali utumie siku mbili tatu kujipanga kuliko kutuma kitu kibovu usiku huo huo.

Linaloangusha wengi ni jina. Mama anauza vitenge Birere, konti yake inaitwa "Maman Vitenge Chap Chap", picha ni bale la vitambaa, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kwa sababu siku ile alikuwa na haraka. Biashara inaenda vizuri mpaka Meta wanapoomba kitambulisho. Wanachotafuta ni kama jina la kwenye kadi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au picha, vinafanana na vya kwenye konti. Vitambulisho vyetu vina jina (nom), postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la mbele); weka angalau mawili kati ya hayo kwenye wasifu, yakiandikwa herufi kwa herufi kama kwenye kadi. Jina la duka liende kwenye Ukurasa wa biashara. Ikiwa konti bado iko wazi, rekebisha leo. Ikiwa imeshafungwa, hutaweza kubadilisha kitu. Tafuta kwenye karatasi zako zote ile yenye jina lililo karibu zaidi na lile uliloliandika. Na ikiwa tarehe uliyoweka inakufanya uonekane una chini ya miaka 13, hakuna maelezo yatakayokusaidia ila kitambulisho chenye tarehe yako ya kweli.

Kadi ya uchaguzi inakubalika. Iko kwenye orodha yao pamoja na pasipoti, leseni ya kuendesha, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa. Tabu ni kwamba kadi nyingi za 2023 zimefifia. Uso umebaki kivuli, na jina unalisoma kwa kukisia. Kama yako bado inasomeka, ipige picha sasa hivi, hata kama hakuna aliyekufungia konti, kwa sababu mwaka ujao huenda isisomeke. Wapo pia wasio na kadi kabisa: vitu viliungua Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, au vilipotea njiani wakati wa kukimbia vita. Mtu wa namna hiyo asikate tamaa. Meta wanapokea pia karatasi mbili zisizo za serikali, kwa mfano kadi ya shule na kadi ya kazi, mradi zote mbili zina jina lilelile na angalau moja ina picha au tarehe ya kuzaliwa inayolingana na konti.

Picha ya kadi ipige mchana, karibu na mlango, kadi ikiwa juu ya kitambaa cheusi. Zima flashi, maana plastiki ya kadi inang'aa na kufuta maandishi. Pembe zote nne zionekane. Usiikate, usiipendezeshe kwa programu yoyote. Ukienda kuskani kwenye sekretaria (duka la fotokopi na kuchapa), simama hapo mpaka umwambie mwenye mashine, "Papa, ile skani yangu tuifute pamoja," na uone imefutika kweli, hata kwenye pipa la takataka la kompyuta. Kadi yako ikibaki kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi, huwezi kujua itafika wapi.

Kisha namba ya simu. Watu wengi mjini wanatumia laini ya Rwanda kwa ajili ya intaneti, na baadhi yao walifungua Facebook kwa namba hiyo ya +250. Laini isiyotumika kwa muda inakatwa, na baadaye namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Meta wakituma kodi (namba fupi ya siri ya kuthibitisha kwamba ni wewe), inaenda kwa mtu wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, usiyemjua. Kabla ya rufaa, chomeka laini hiyo, ijaribu kupokea ujumbe, na kama imekufa, usichague njia ya SMS, chagua imeili.

Hapo kwenye imeili ndipo mengine yanaanzia. Ulinunua simu, kijana wa dukani akakufungulia Gmail ili Play Store ifanye kazi, akaweka neno la siri analolijua yeye tu. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, uone anwani ni ipi, ubadilishe neno la siri, uweke namba yako inayofanya kazi. Majibu yote ya Meta yatakuja hapo, na mengine yanaangukia kwenye folda ya barua taka. Imeili usiyoweza kuifungua ukiwa kwenye simu nyingine ujue si yako.

Siku ya kutuma, tumia simu ileile uliyokuwa ukiingilia kila siku, na zima VPN (programu inayoficha mahali ulipo). Tangu intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, watu wengi wana VPN inayowaka yenyewe, na mtu aliyeketi mtaa wa Katindo hapa Goma anaonekana yuko Uholanzi. Mtu anayeomba kuaminiwa asitokee nchi ngeni. Wanaweza pia kukuomba video ya uso, ugeuze kichwa polepole kulia na kushoto. Ifanye mchana wakati mtandao umetulia, usingoje jioni umeme ukatike katikati. Vua kofia na miwani.

Kama kuna nafasi ya kueleza, andika kwa Kifaransa au Kiingereza, mistari mitatu minne: konti ni ya nani, unaitumia kwa nini, kwa nini unaona kanuni haikuvunjwa. Kama mtoto au rafiki alishika simu akaposti kitu kibaya, sema hivyo. Usiandike kwamba Mungu anawaona. Naelewa uchungu, lakini haisaidii.

Usifungue konti nyingine wakati unangoja. Kwa mfanyabiashara hili ni gumu, najua, lakini kujifungulia konti mpya ili kukwepa adhabu ni kosa jingine kwa kanuni zao, na zote mbili zinaweza kwenda. Wateja waambie kwa status ya WhatsApp. Na hapo pia angalia: kama unatumia GB WhatsApp, hiyo si programu rasmi, na ni moja ya sababu ambazo WhatsApp wanafungia namba. Utajikuta huna huku wala kule. Hamia ile ya kawaida kwanza.

Kuhusu wale vijana wanaosema "niko na mtu ndani ya Meta", jibu langu ni fupi: hawana. Watakuomba dola 20 kwa M-Pesa au Airtel Money, kisha "kodi ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako, yaya, nitume haraka". Ukiituma, umempa konti, na pengine na Gmail. Wafanyakazi wa Meta hawakuandikii WhatsApp kukuomba pesa. Wengine wanategea tu rufaa uliyoituma mwenyewe: ikifaulu wanadai malipo, ikishindwa wanapotea.

Kwa wewe ambaye konti yako bado inafungua, mambo matatu hayachukui hata nusu saa. Ukurasa wa biashara uwe na msimamizi wa pili mwenye mamlaka kamili, mke, mume, dada, yeyote unayemwamini kwa pesa. Msimamizi akiwa mmoja na akafungwa, Ukurasa unabaki bila mwenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri pamoja na kodi), uandike zile kodi kumi za akiba ambazo Facebook wanakupa kwenye karatasi, uiweke pamoja na karatasi za kiwanja. Halafu pakua taarifa zako, picha na mazungumzo. Waliofungwa nao mara nyingi wanakuta kitufe cha kupakua kwenye ukurasa uleule wa kufungwa. Wakibonyeze kabla siku hazijaisha, kwa maana rufaa ikikataliwa nacho kinaweza kuondoka.

Ukishatuma, usitume tena. Jibu linaweza kuja kesho au baada ya wiki kadhaa. Wakati huo kaa na daftari, uandike namba za wateja unaowakumbuka, ukianza na wale wenye deni.